Kifua cha Mwamuzi na Vidonge vya Mama Mkwe

Kwa wewe ambaye gazeti la wiki iliyopita lilifungiwa misumari dukani kabla hujalimaliza, nakukumbusha kwa ufupi nilipofika, kisha tuendelee kuaibika pamoja.

Mimi ni mwamuzi wa mpira wa miguu. Nina filimbi, nina kadi mbili, na nina kifua. Kifua chenyewe si cha mazoezi. Nikikimbia mimi natangulia, chenyewe kinanifuata. Mashabiki wamenibatiza Mama Filimbi, na kila nikipuliza faulo jukwaa zima linaitikia, "Nyonyesha! Nyonyesha!"

Nikapangiwa fainali, kwa mara ya kwanza tangu nishike filimbi. Siku hiyohiyo nikakabidhiwa jezi mpya ya waamuzi, nyepesi na ya kubana. Nikaivaa chumbani mbele ya kioo nikaona nimebeba mapacha. Nikaivua, nikaificha juu ya kabati.

Ndipo nikaenda kwa yule daktari mwanamke anayenyonya mafuta kwa mrija mwembamba, mgonjwa akiwa macho, ganzi ikiwa pale pale panapofanyiwa kazi. Akanipima kila kitu. Akasema kifua changu kinafaa kabisa, lakini presha yangu haifai hata kidogo. Nikatibiwe kwanza mpaka itulie, ndipo nirudi.

Mke wangu nilipomgusia habari hiyo alisema, "Baba watoto, ukienda huko na presha hiyo, ujue umeamua kuniacha mjane kwa makusudi."

Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa jikoni, kopo la dawa za moyo za mama mkwe mkononi, kidonge kimoja kimeshaingia kinywani, na nyuma yangu mtu amekohoa.

Aliyekohoa ni mama mkwe mwenyewe.

"Unatafuta nini humo, baba?"

"Biskuti, mama."

"Hilo kopo halijaona biskuti tangu mjukuu wangu wa kwanza anaota meno. Hizo ni dawa zangu."

"Loo! Samahani, mama. Nimeona picha ya biskuti kwenye mfuniko."

Akanitazama kwa huruma. Hiyo ndiyo iliyoniumiza, huruma. Angenitilia shaka ningejua la kufanya.

"Njaa hiyo. Kaa hapo."

Akanikalisha, akanimiminia chai, akasimama mbele yangu kuhakikisha nakunywa. Kidonge kilikuwa kimeanza kuyeyuka chini ya ulimi, kichungu kama nini sijui. Nikatabasamu. Nikapiga funda, kikateremka.

"Tamu?" akauliza.

"Tamu sana, mama."

Mama mkwe wangu anaishi nasi, na naomba umjue vizuri kwa sababu ndiye aliyeniumbua. Ni mtu mwema asiyejua mambo mawili: kunong'ona na kusema uongo. Kwenye misiba watu wakimsifu marehemu, yeye husema, "Alikuwa mlevi, lakini tulimpenda." Hata simu huipokea kwa spika, kwa sababu sikio moja limechoka, na nyumba nzima inajua nani anaumwa wapi.

Nikarudi kwa daktari baada ya kumeza vile vidonge kwa siku kadhaa. Akanifunga kile kitambaa cha mkono, kikajaa upepo, kikapumua. Akaangalia namba. Akapima tena.

"Imeshuka vizuri. Umefanya nini?"

"Nimeacha chumvi, daktari."

"Chumvi peke yake?"

"Na hasira."

"Unatumia dawa yoyote?"

"Hapana."

"Ya mitishamba? Ya kupunguza unene? Ya kulainisha damu? Hata kidonge cha mtu mwingine, umeumwa kichwa, jirani amekupa?"

"Daktari, mimi ni mwamuzi. Ningekuwa nasema uongo ningekuwa mchezaji."

Nilimjibu kwa macho makavu, kama beki aliyeshika mpira ndani ya boksi akainua mikono juu. Nimewaona wengi hao. Sikujua kumbe ni rahisi hivyo.

Hakucheka. Akavuta kiti karibu.

"Sikuulizi kwa umbea. Ganzi ninayotumia ni nyingi, naipima kwa uzito wako, na ni ini linaloitoa mwilini. Kuna dawa zinazolizuia ini lisiitoe. Nyingine zinagombana na ile dawa ninayochanganya ya kubana mishipa ya damu. Nikizijua nazipangia. Nisipozijua, zitapigana, na wewe ndiye utakuwa uwanja."

"Hakuna dawa, daktari."

"Haya. Wengine huja hapa wakitaka nipunguze kilo. Hao nawarudisha, hii si kazi ya kupunguza uzito. Wengine moyo mbovu, nawarudisha. Wewe nakukubali kwa kuwa nimekuamini. Baada ya kazi utavaa fulana ya kubana wiki kadhaa, na hutakimbia."

Fainali ilikuwa Jumamosi inayofuata. Hilo nalo nikalimeza.

"Na siku hiyo usije peke yako," akamalizia. "Uje na mtu mzima wa kukurudisha nyumbani na kukaa na wewe mpaka kesho yake. Bila mtu, sikugusi."

Nikatoka pale nikijiona mshindi. Nilipofika barabarani ndipo nikaanza kujiuliza, mtu gani?

Mke wangu hawezekani. Waamuzi wenzangu nikimwambia mmoja, kabla jua halijazama ligi nzima inajua. Kaka yangu mdomo wake hauna breki, na ndiye aliyeanzisha lile jina la Mama Filimbi. Nilipopekua ukoo mzima, akabaki mmoja.

"Mama," nikamwambia jioni, "shirikisho linatupima afya kabla ya fainali. Wanataka kila mwamuzi aende na mzazi."

"Mzazi? Mna umri gani?"

"Ndio utaratibu mpya."

"Na mke wako anajua?"

"Anajua, mama."

Mke wangu nilikuwa nimemwambia naingia kambini na waamuzi wenzangu. Kwa hiyo mama alijua napimwa afya, binti yake alijua niko kambini, daktari alijua sinywi dawa, na mimi peke yangu nilijua kila kitu. Nilijiona hodari.

Siku yenyewe ilianza vibaya. Nilipandisha mkono juu ya kabati kuichukua ile jezi, niipime kwa mara ya mwisho nikishatoka kwa daktari. Haikuwepo. Nikapekua kabati, nikapekua chini ya kitanda. Mke wangu alikuwa ameshatoka mapema. Mama mkwe alikuwa ameshavaa viatu, ananiita mlangoni kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili. Nikajisemea jezi nitaitafuta baadaye. Nikapita jikoni, nikameza kidonge cha mwisho mwisho, cha kusindikiza, mama akaingia kulichukua kopo lake, tukaondoka.

Kliniki iko ghorofa ya juu. Mama alipanda ngazi akisimulia habari za binamu yake. Mimi nilipanda nikihema, nimeshikilia ukuta.

Nikapimwa uzito. Nikavuliwa shati na suruali, nikavalishwa kaptula ya kliniki. Daktari akachukua kalamu nene akanichora kifuani, duara ndani ya duara, na mishale, kama kocha anayepanga mashambulizi ubaoni. Nikalazwa. Mkononi wakanitundikia dripu, kidoleni wakanibana kile kibanio kinachosikiliza moyo, na mashine kando yangu ikaanza: pi, pi, pi.

Nesi akasogeza stuli karibu na kichwa changu.

"Kaka, mimi kazi yangu ni kuongea na wewe."

"Kuongea tu?"

"Kuongea, na kutazama mashine. Wewe uko macho, kwa hiyo mdomo wako ndio kipimo changu. Ukinyamaza ghafla, naogopa. Ukianza kuropoka, naogopa zaidi. Midomo ikifa ganzi, masikio yakivuma, au ukisikia ladha ya chuma mdomoni, niambie papo hapo."

"Dada yangu, mimi nimetafuna filimbi miaka yote. Chuma ndiyo ladha yangu."

"Basi niambie ikizidi."

Daktari akaanza upande wa kushoto. Sindano ndogo, nikajikaza kisabuni. Kisha akaanza kuingiza yale maji: maji ya chumvi yaliyochanganywa na ganzi na ile dawa ya kubana mishipa. Aliyaingiza polepole, bila haraka hata kidogo. Nikainua shingo nikatazama. Kifua kilikuwa kinapanda.

"Daktari, mimi nimekuja kupunguza!"

"Kwanza tunajaza. Mafuta yakishalowa na mishipa ikibana, yanatoka bila damu nyingi. Lala."

Nikalala, huku naiona kushoto yangu inaumuka.

"Tuongee," nesi akasema. "Mchezaji akijiangusha, unamjuaje?"

Aliniuliza kitu ninachokipenda. Nikamweleza kwamba anayejiangusha hupiga kelele kabla hajaguswa. Nikamweleza kwamba aliyeumia kweli hakutazami wewe mwamuzi, anatazama mguu wake. Wa uongo anakutazama kwa jicho moja aone kama umeamini.

"Kwa hiyo hakuna anayekudanganya?"

"Mimi? Hajazaliwa."

Pi... pi... pi.

Nesi akageuka kuitazama mashine. Akamtazama daktari. Mkono wa daktari ukasimama.

Pi...... pi.

"Bwana mwamuzi," daktari akasema taratibu, "unaogopa?"

"Naogopa sana, daktari."

"Sasa ni nani aliyeuambia moyo wako usiogope?"

Sikuelewa.

"Mtu amelala mezani, amechomwa sindano, ameona kifua chake kinavimba, moyo lazima ukimbie. Wako unatembea. Unazidi kupunguza mwendo. Na presha yako sasa inapanda. Mambo hayo mawili hayaji pamoja bila sababu."

"Ni mazoezi, daktari. Sisi waamuzi mioyo yetu ni ya pole."

"Mwenye moyo wa mazoezi hapandi ngazi zangu ameshikilia ukuta. Nilikuona."

Akauchomoa ule mrija wa maji, akauweka kwenye sinia.

"Umemeza nini?"

"Sijameza kitu."

"Nakuuliza tena. Safari hii nakuuliza kwa ajili ya mke wako."

Jasho jembamba likanitoka. Kichwa kilianza kunigonga kwa nyuma, gu, gu, gu. Nilitaka kusema. Nakuapia nilitaka. Lakini nikiiona Jumamosi, nikiliona jukwaa limejaa, nikiona nimetokea mlangoni na mpira mkononi na mtu wa kwanza anafungua mdomo kucheka, ulimi ulikuwa unakataa.

Ndipo ukutani, kutoka chumba cha kusubiria, ikapenya sauti ninayoijua.

"Binti, nisaidie macho yako. Hebu tazama kopo hili. Dawa zangu zinapungua zenyewe!"

Nesi alikwishafika mlangoni kabla mama hajamaliza. Wakarudi wawili. Mama mkwe akaingia na kopo lake la biskuti, akaniona kifua wazi, akapiga yowe, akageuka ukutani na kujifunika uso kwa mtandio.

"Astaghafiru! Mkwe wangu yuko uchi!"

"Kifua tu, mama," nikasema, natafuta shuka la kujifunika. Nesi akanikamata mkono wenye dripu.

"Mama," daktari akasema, "samahani sana. Hizi dawa ni za nini?"

"Za moyo," mama akaujibu ukuta. "Moyo wangu unakimbia hovyo, hizi zinaushika breki."

Daktari akasoma karatasi ya ndani ya kopo, akafumba macho kidogo, akamwambia nesi kwa jina dawa ya kuvuta kwenye bomba la sindano. Nesi akavuta, ikaingia kwenye dripu.

"Na zimeanza kupungua lini, mama?"

Hapo sauti ya mama mkwe ikashuka. Yeye asiyejua kunong'ona.

"Si muda mrefu. Nilidhani nameza mara mbili nikisahau. Nikaanza kuruka siku, ili zitoshe. Moyo ukawa unanirukaruka, nikanyamaza. Sikumwambia mtu. Nilidhani ndiyo akili imeanza kuniaga, kama ilivyomuaga mama yangu. Kila nikilala nataja majina ya wajukuu wangu, mmoja mmoja, nione kama bado ninayo."

Nimepigwa chupa uwanjani. Nimekimbizwa hadi kituo cha polisi nikiwa na kaptula ya kazi. Sijawahi kuumia kama nilivyoumia pale mezani.

Nilijua anaruka siku? Sikujua. Lakini kopo nilikuwa nalifungua mimi, na kila nikilifungua nilikuwa naona linakwisha. Nilifikiri nini? Sikufikiri. Nilikuwa na jezi kichwani.

"Mama," nikasema. "Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Mimi ndiye niliyekuwa nazimeza. Ili presha ishuke, daktari anikubali."

Mashine ikasema pi. Ikakaa. Ikasema pi.

Mama mkwe akageuka taratibu. Aibu yote ilikuwa imemtoka. Akanitazama usoni.

"Kwa hiyo akili yangu ni nzima?"

"Ni nzima kabisa, mama."

"Sijasahau chochote?"

"Hujasahau chochote."

"Alhamdulillahi," akasema, akafuta macho kwa ncha ya mtandio. Kisha akamgeukia nesi. "Binti, nishikie kopo hili kidogo nivue kiatu."

Ilibidi nesi asimame katikati yetu.

"Mpige kesho, mama," daktari akasema. "Leo simruhusu mtu kumpandisha presha."

Nikajaribu bahati yangu. Msinicheke, mtu akishazama hushika hata povu.

"Daktari, sasa nimesema ukweli. Na ganzi imeshaingia. Huwezi kumalizia hata huu upande mmoja?"

Alinitazama hata nikatamani mama mkwe angeruhusiwa kile kiatu.

"Leo hapa halinyonywi hata tone. Unajua ni kwa nini siku ile nilikuuliza swali moja kwa njia nyingi? Hii kazi si mrija. Mrija hata fundi bomba anao. Kazi ni kujua nani alale hapa na nani arudi nyumbani. Wewe ulipaswa kurudi nyumbani. Umejipitisha kwa pasi ya mama yako."

"Lakini sasa najisikia vizuri. Kichwa kimeacha kugonga."

"Sasa. Ganzi hii haikolei sasa. Inaingia kwenye damu taratibu, inakolea saa nyingi baadaye, na dawa ya mama yako inazuia ini kuitoa. Bahati yako nilikuwa sijafika mbali. Naita gari. Utalala hospitali kubwa leo, na mashine kama hii pembeni, mpaka nitakaporidhika mimi."

"Na haya maji?"

"Mengine yatavuja kwenye tundu, mengine yatanywewa na mwili. Yana muda wake."

Nikajitazama. Kulia nilibaki Mama Filimbi kama siku zote. Kushoto nilikuwa bibi yake.

Daktari akatoka kupiga simu. Nesi akabaki na mashine, ambayo sasa ilikuwa imeanza kuchangamka. Mama mkwe akavuta kiti, akaketi. Alikuwa ameshikilia suruali yangu mapajani, ameikunja vizuri. Akainyoosha mikunjo kwa kiganja, mmoja mmoja.

"Mimi nina binti mmoja," akasema hatimaye. "Nilimzaa nimekata tamaa. Nilipokupa, nilikupa umtunze. Ungekufa hapa, baba, kwa dawa zangu, ningekwenda kumwambia nini?"

"Nisamehe, mama."

"Nitakusamehe nikifika nyumbani. Kwanza niambie, hicho kifua kina ubaya gani? Wajukuu wangu wote wamelala hapo. Mwenyewe nimewaona, ukikaa kwenye kochi, mmoja huku mmoja kule, wanakoroma."

"Wananicheka, mama. Uwanja mzima."

"Wakicheka, mpira unasimama?"

"Hausimami."

"Filimbi inakataa kulia?"

"Inalia."

"Sasa?"

Machozi yalikuwa yananitoka pembeni na kuingia masikioni, na kwa vile nilikuwa nimelala chali sikuweza kuyaficha. Mama akatoa leso, akanifuta, sikio hili na hili, kama anayemfuta mtoto.

Kisha suruali ikalia.

Simu yangu ilikuwa mfukoni. Mama akaitoa, akaishika mbali na macho, akasoma silabi moja moja. "Mwe-nye-ki-ti wa Wa-a-mu-zi."

Nikanyoosha mkono usio na dripu kuifuata, haukufika.

"Mama, acha ilie. Usipokee. Huyo akijua niko hapa, fainali anampa mtu mwingine."

"Simu ya mkubwa hailii bure."

"Mama, nakuomba."

Alishabonyeza. Na kama ilivyo kawaida yake, akaiweka spika, akaipandisha sauti mpaka mwisho.

"Haloo! Mwenyekiti, habari za kazi? Hapa ni mama mkwe wake mwamuzi."

Kisha ikaja sauti ambayo haikuwa ya mwenyekiti hata kidogo.

"Mama?"

Mashine yangu ikaanza kukimbia, pi pi pi pi. Nesi akaruka kutoka kwenye stuli.

"Wewe ni nani?" mama akauliza.

"Mama, ni mimi, mwanao! Simu yangu imezima, mwenyekiti ameniazima yake. Mbona wewe ndiye unayepokea simu ya mume wangu? Mko wapi?"

Mama akanitazama. Nikakunja mikono kumwomba, dripu na vyote.

"Kwani wewe uko wapi?" akauliza.

"Nimekuja kambini kumwona, na hapa hakuna kambi! Mwenyekiti yuko ofisini peke yake, anasema hajawahi kuita kambi. Sasa mimi nimebaki nimesimama na mfuko wangu kama mjinga."

"Mfuko wa nini?"

Mke wangu akashusha sauti. Nafikiri hakutaka mwenyekiti asikie, lakini kwa spika ile hata abiria wa barabarani walisikia.

"Wa jezi yake, mama. Nimeikuta juu ya kabati, ameificha. Nilipoishika tu nikajua imembana na anaona aibu kuniambia. Nimeamka alfajiri nikaenda nayo kwa fundi cherehani, tumeifumua ubavuni, tumeongeza kitambaa cheusi kilekile, huwezi kujua kama imeguswa. Nimeipima na shati lake, kifua kimeingia chote. Nilitaka kumshtukiza. Jumamosi anaivaa bila shida."

Nikafumba macho. Nesi naye akageuza uso, akajifanya anasoma dripu.

"Mama? Uko hapo? Mbona kimya? Mume wangu yuko wapi?"

Mama mkwe akanitazama kulia. Akanitazama kushoto. Akarudi kulia.

"Mwanangu," akasema, "hicho kitambaa, mmeongeza pande zote mbili sawasawa?"

"Ndiyo, sawasawa. Kwa nini, mama?"

Na mama mkwe wangu, ambaye hajawahi kusema uongo hata msibani, akaisogeza simu karibu na mdomo.